Kahawa ya Wifi

Niseme ukweli tangu mwanzo ili mtu asinishike baadaye: mashine ile niliichukia kabla sijaiona. Niliichukia ikiwa bado ndani ya boksi, boksi lenyewe limekumbatiwa na mdogo wangu Gerson kama mtoto anayetolewa hospitali, na mkewe Anitha yuko nyuma yake anamwambia, "Taratibu, baba, taratibu, usiitikise."

Mimi ni Hana, binti mkubwa wa Mzee Yotham. Naishi na Baba hapa Mkonze tangu alipostaafu kufundisha mambo ya mifugo kule Mpwapwa, na tangu Mama alipofariki tumebaki mimi na yeye tu, miaka kumi na moja sasa. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma. Ya Gerson iko ng'ambo ya ua. Aliijenga wizara yake ilipohamia Dodoma ikamvuta kutoka Dar es Salaam. Ina vigae, madirisha ya vioo vya kusukuma, na intaneti ukutani. Kutoka mlango wetu hadi mlango wao ni hatua arobaini. Najua ni arobaini kwa sababu mwaka huu nimezihesabu sana.

Kwa miaka yote hiyo kumi na moja, kahawa ya Baba ya saa nne asubuhi nimeipika mimi. Nanunua buni mbichi dukani kwa Kamrudin mjini, naikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma pamoja na vipande vya tangawizi kavu, mpaka harufu ivuke ukuta wa jirani. Halafu natwanga vyote kwa pamoja kwenye kinu, nachemsha kwenye birika, namimina kikombe kidogo, nzito, bila sukari. Baba anakinywea kwenye kiti chake cha ngozi ya ng'ombe, kile alichoagwa nacho kazini. Anafumba macho, anasema, "Asante, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Lile "asante, mama" lilikuwa linanitosha mpaka kesho yake saa nne.

Sasa Anitha. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Nimetafuta ubaya wake kwa bidii nikaukosa, na hilo nalo linaudhi. Ni mtu wa Mbinga, kwao kahawa iko shambani, na heshima yake imepitiliza. Shikamoo wifi, umeamkaje wifi, pole na kazi wifi. Tangu aolewe sijamsikia akinitaja jina. Gerson alipofunga intaneti akapata utani wake: "Mke wangu sasa ana wifi wawili, mmoja yuko ukutani, mmoja ng'ambo ya ua, na yeyote akinuna hakuna kazi inayofanyika." Wakacheka wote, na Baba akiwemo. Mimi nilinuna, kwa hiyo sijui kama kazi zilifanyika.

Mara ya kwanza Anitha kunywa kahawa yangu, akiwa bado bibi harusi, aliniuliza naikaanga kwa muda gani, naweka vijiko vingapi, kikombe nakijaza kiasi gani. Nikamjibu kwa mkato. Mtu anayeulizia vipimo vya mwenzake, niliwaza, ana lake jambo.

Jumamosi ile mashine ilipofunguliwa tuliitwa wote tukaione. Ilikuwa nyeusi, kubwa kuliko redio ya Baba ya zamani, na usoni ina kioo kama cha simu. Baba, kwa ualimu wake, akataka kuelezwa hatua kwa hatua, na Anitha akamweleza huku akigusa hapa na pale.

Kitu cha kwanza, mashine ikiwashwa inajisuuza. Inatema maji ya moto kwenye trei kabla haijaombwa chochote. Nikawaza, kiumbe gani hiki kinachokojoa kabla ya kusalimia. Juu ina kibakuli chenye mfuniko, humo mnawekwa buni zilizokwisha kukaangwa. Ukigusa kioo, kisagio cha ndani kinasaga kiasi cha kikombe kimoja tu, na kwa kelele ambazo mimi nikizifanya jikoni naambiwa nina hasira. Unga unaangukia kwenye kijumba kidogo, unashindiliwa, maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu kupita katikati yake, kahawa inatoka kwenye midomo miwili ikiwa na maziwa na povu juu. Haikufika dakika moja. Mwishoni Anitha akavuta droo ya chini akamwonyesha Baba makapi yaliyobanwa yakawa duara.

"Kama vidonge vya minyoo vya ng'ombe," Baba akasema, na akakichukua kimoja akakivunja kwa vidole kuona kama kimekauka.

"Maji hatuweki ya bomba," Anitha akaendelea. "Ya Dodoma yana chumvi, Baba, yanaganda kwenye mipira ya ndani mpaka inaziba. Tunaweka ya mvua, au ya chupa."

"Kumbe maji yaliyotukuza sisi hayaifai," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Baba akanywa. Hakufumba macho. Aliyafumbua zaidi, akaitazama mashine kama mwanafunzi aliyefaulu. "Mama," akasema, "kitu hiki kimesoma!"

Mama. Alikuwa anamwambia Anitha. Najua kila mzee hapa kwetu humwita mkwewe mama, ni adabu tu, lakini siku ile neno lile lilinipita likaenda kukaa kwa mtu mwingine, na nililiona likipita.

"Wifi, na wewe nime..." Anitha akaanza, mkono wake umenyooka kuelekea kwenye kioo.

"Nimeacha moto jikoni," nikasema, nikatoka. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

Jumatatu, saa nne, niliweka birika mezani. Baba hakuwepo. Alirudi saa tano, anatembea polepole kupitia uani, anafuta mdomo. "Nimeshakunywa kwa Gerson, mama. Usijisumbue." Usijisumbue! Nimeikaanga miaka kumi na moja ndiyo leo inaitwa usumbufu. Jioni ile nikakitia kikaango chini ya kabati, nikamwambia: "Kama ya mashine ndiyo tamu, Baba, kanywe ya mashine." Kesho yake nikamwona anavuka ua na fimbo yake. Na kesho kutwa. Nilisimama dirishani nikihesabu hatua zake, na nilipofika arobaini mlango wao ukafunguliwa.

Wiki ya tatu kiti kikavuka. Gerson alikibeba kichwani, kiti cha ngozi ya ng'ombe, akakiweka kwenye baraza yao. Jumapili baada ya ibada akasema mbele yangu, kwa ile sauti yake ya kikaoni: "Baba, kuna kile chumba cha mbele kiko free. Choo ndani, maji ya moto, hutoki nje kwenye upepo. Hebu fikiria." Baba akajibu, "Nitafikiria."

Nilimaliza kuosha vyombo, nikaviosha tena. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na nilikuwa naionea wivu mashine, na Anitha, na kile chumba, na hata makapi yale ambayo Baba alikuwa ameyashika kwa vidole vyake. Baba akihama nabaki na vyumba vinne na kikaango. Sikuwa na mume wa kurudi kwake wala mtoto wa kunipigia simu. Nilikuwa na mzee mmoja, na mzee mwenyewe alikuwa anafikiria.

Mwezi wa nane Gerson alifiwa na mwenzake wa kazini, mtu wa Busi kule Kondoa, akaenda kuzika pamoja na Anitha. Siku mbili. Asubuhi ya safari Anitha akaja na ufunguo, tayari amejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo wifi. Tafadhali, Baba asikose kahawa yake. Unagusa kioo tu, majina yatakuja, unachagua."

"Kahawa yake," nikasema.

"Ndiyo, wifi. Kila kitu nimeshaweka."

Nikaingia nyumbani kwao saa tatu na nusu. Baba alikuwa tayari kwenye kiti chake barazani, analitazama shamba la zabibu la jirani. Nikaiwasha mashine, ikajisuuza kama kawaida yake, kioo kikawaka, majina yakaja. Yalikuwa manne. Anitha. Gerson. Baba. Wifi.

Nikayasoma mara mbili. Baba ana kitufe. Gerson, ambaye kahawa inampandisha presha, ana kitufe. Hata intaneti imepewa kitufe chake. Mimi ndiye sina. Niliyekaanga, niliyetwanga, niliyekaa na mzee malaria ilipompanda akawa hanitambui, mimi sikuonekana nafaa hata herufi nne za jina langu.

Nikafunika kioo kwa kiganja. Kisha nikavuka ua, nikakitoa kikaango chini ya kabati, nikawasha jiko. Nilijiambia nitamkomesha mtu kwa chombo chake mwenyewe. Mashine itatoa kahawa ya Hana, Baba atafumba macho, atauliza leo imekuwaje, nami nitamwambia. Nikakaanga kama ninavyokaanga siku zote, buni na tangawizi kavu pamoja. Nikarudi nayo ingali ya moto, nikazikomba buni za Anitha kwenye bakuli, nikamimina zangu mahali pake.

Mtu aliyezoea kinu anajua kwamba kila kitu kinakubali mchi. Ukikuta kigumu unazidisha nguvu. Nikagusa jina la Baba. Kisagio kikaanza vizuri, kikasaga kidogo, halafu kikapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye chombo cha jikoni, kikanguruma, kikakwama. Kioo kikawa chekundu. Nikazima, nikawasha, nikazima. Nikatoa buni zangu kwa kijiko, kisha kwa vidole, kisha kwa kibanio cha nywele, nikarudisha za Anitha, nikafuta kila mahali.

"Vipi?" Baba akauliza nilipotokeza barazani.

"Umeme hakuna, Baba."

Nyuma yangu friji lao lilikuwa linanguruma bila aibu. Baba akalisikiliza kidogo. "Na jiko la mkaa," akasema, "nalo limekatika umeme?"

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu, mkaa ulikuwa bado mwekundu ng'ambo ya ua, na buni zilizokaangwa nilikuwa nazo kwenye mfuko wa plastiki chini ya kanga. Ningetwanga dakika tano tu. Lakini kutwanga ingekuwa kukubali kwamba nilizima jiko kwa hasira, na kiburi changu hakikutaka. Nikamletea maji ya kunywa. Akayanywa yote akarudisha kikombe. Siku ya pili hakuuliza chochote, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Waliporudi, Anitha aliwasha mashine, akasoma kioo, akafungua kibakuli akainamisha uso ndani. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akafunika, akampigia fundi.

Fundi alikuwa Alnashir, kijana wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, anayetengeneza mashine za mahotelini. Alikuja Jumamosi na kisanduku cha bisibisi. Tulikuwa wote pale: Gerson amesimama na simu, Baba amekaa kwenye kiti chake alichosogezewa hadi mlangoni mwa jiko, Anitha, na mimi karibu na mlango wa kutokea. Nilikuwa nimekuja kwa sababu kutokuja kungeonekana.

Alnashir akazitoa buni zote, akafungua skrubu, akalitoa jiwe la juu la kisagio. Akachokonoa, akachokonoa tena, kikadondoka kitu kwenye kisosi na kutoa mlio mdogo. Akakinusa.

"Hii si kahawa," akasema. "Hii tangawizi. Kavu kama mfupa. Mama, kisagio hiki ni cha buni tu, kigumu kama hiki kinakiua. Nani ameweka?"

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Katika ua ule mzima, tangawizi kavu iko kwenye mkebe mmoja tu, na mkebe huo una jina langu kwa kalamu ya wino.

"Itakuwa imetoka kwenye mfuko wa buni," Anitha akasema haraka. "Nilimimina bila kuangalia. Kosa langu."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilichosikia moyoni ni wivu uleule, sasa umeongezeka: Baba amemchukua, kiti amekichukua, na sasa hata kosa langu kanipokonya, kulibeba analibeba vizuri kuliko mimi.

Alnashir akasafisha, akafunga, akawasha. Mashine ikajisuuza. Kioo kikawaka bila wekundu. "Tuijaribu," akasema. "Niguse lipi?"

"Hilo la mwisho," Baba akasema kutoka kwenye kiti chake.

Alnashir akainama kusoma. "Wifi?"

Hapo nikapata nafasi yangu. Kwa wiki zote zile ndani ya nyumba ile hakuna jambo nililolijua kuliko wenzangu, na hatimaye nililipata moja. "Hiyo ni ya intaneti, Baba," nikasema. "Haitoi kahawa. Ni ya mtandao."

Gerson akaacha kutazama simu. Alnashir akacheka, si kwa ubaya, akaniwekea kidole kwenye pembe ya juu ya kioo. "Ya mtandao ni hiki kialama hapa, mama, hivi vimistari. Haya ya katikati ni majina ya watu. Kila mtu na kipimo chake." Akagusa jina lile, vipimo vikafunguka, akavisoma kwa sauti: "Wifi. Kikombe kidogo. Nguvu, ya mwisho kabisa. Maziwa, hapana."

Mashine ikasaga, ikashindilia, ikamimina.

"Ni wewe, wifi," Anitha akasema taratibu, kama mtu anayeona haya. "Niliiweka siku ileile ya kwanza. Nilitaka nikuonyeshe, ukasema una moto jikoni. Kukuandika Hana hivihivi, wewe mkubwa wangu, niliona si adabu."

Vipimo alivyoniuliza akiwa bibi harusi. Alikuwa amevitunza muda wote ule.

Alnashir akachukua kikombe akamnyooshea Baba, mzee wa nyumba. Baba akatikisa kichwa. "Mpe mwenyewe."

Nikapokea. Sikujua niangalie wapi, nikawa naliangalia povu.

"Ya kwangu ni ya mtoto mchanga," Baba akasema. "Maziwa matupu. Nimeinywa siku moja tu, ile ya kwanza, nikamsifu binti wa watu. Jumatatu nikamwomba anijaribishie nyingine, tukafika hiyo. Tangu hapo nakunywa hiyo ya kwako kila siku. Haina tangawizi, lakini inakaribia. Wewe ulizima jiko, Hana. Ulitaka nikanywe wapi?"

Hakuniita mama. Aliniita jina langu, kama alivyokuwa akiniita utotoni nikikosa.

"Na chumba je?" Lilinitoka lenyewe, mbele ya fundi, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Chumba gani?"

"Cha mbele. Ulisema utafikiria. Kiti umeshahamisha."

"Nimefikiria, nimeona mimi nina kitanda changu. Kiti nimekileta kwa sababu makochi yao yananizamisha, nikikaa sinyanyuki." Akamtazama Gerson. "Mwambieni basi, kumbe hajaambiwa." Gerson akakohoa, akarudi kwenye simu yake.

Nikanywa. Ilikuwa nzito, imekaa sawasawa, na ilikuwa tamu, hilo nalo liliniuma. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa pale kwenye kisosi, kando ya bisibisi, kimetafunwa upande.

"Tangawizi ni yangu," nikasema. "Niliiweka mimi."

"Najua, wifi," Anitha akasema. "Nilipofungua kibakuli ilinukia nyumbani kwenu." Akasogea kwenye mashine, akanyanyua kijifuniko kidogo nyuma ya kile kikubwa, ambacho sikuwa nimekiona. "Ungeniuliza ningekuonyesha. Hapa ni pa kahawa iliyokwisha kusagwa, haipiti kwenye kisagio. Unaweka kijiko kimoja. Ukitwanga laini inakubali, ya tangawizi pia, kidogo tu." Akamgeukia Alnashir. "Si ndiyo, fundi?"

"Kidogo," akasema Alnashir, bila furaha. "Na muisafishe baadaye."

"Basi twanga, ulete," Baba akasema. "Saa nne imeshapita."

Nikaweka kikombe chini, kitupu. Nikatoka kwenda kukitoa kinu. Nilipofika katikati ya ua, hatua ya ishirini, nikawasikia wanacheka mle ndani, Baba na Anitha, sijui ni nini. Wivu ukanishika palepale, kama kawaida yake. Nikaongeza mwendo, niwahi kurudi kabla hawajamaliza kucheka.